Mali bila Daftari: Historia ya Kuvumbua na Kueleza Mimea na Wadudu

Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa dukani na katika vyama vya ushirika, siku hesabu zinapokataa kulingana. Lakini iko mali nyingine ya taifa ambayo methali hii inaihusu kwa namna iliyo nzito zaidi, nayo ni mimea ya misitu na mbuga zetu, pamoja na wadudu waishio humo. Mali hiyo nayo ina daftari lake. Limekuwa likiandikwa kwa zaidi ya karne mbili na nusu, na watu wa mataifa mengi, na kurasa nyingi zinazohusu Afrika ya Mashariki ziliandikwa mbali na Afrika ya Mashariki, kwa lugha ambazo wenyeji hawakuzijua. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi daftari hilo linavyoandikwa, jinsi viumbe wa nchi zetu walivyoingia ndani yake, na kwa nini inampasa kila mwalimu na kila mwanafunzi kulijua.

Maana ya kuvumbua

Husemwa mara nyingi kwamba mtaalamu fulani kutoka Ulaya "alivumbua" mmea fulani katika milima ya Usambara au Uluguru. Maneno hayo humchoma mwenyeji, naye huuliza: Je, babu zangu hawakuwa na macho? Mimea ya milima ile ilikuwa ikichumwa dawa, ikisokotwa kamba, na mingine ikiepukwa na wachungaji kwa sababu ya sumu yake, kabla mgeni yeyote wa Ulaya hajaipanda milima hiyo. Vipi basi aitwe mvumbuzi mtu aliyepita njiani akiongozwa na mwenyeji?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linataka tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni kukijua kiumbe. La pili ni kukieleza, yaani kuziandika sifa zake kwa namna ambayo mtu aliye upande wa pili wa dunia ataweza kukitambua akikiona, na kukitenga na wenzake wanaofanana nacho. Katika jambo la kwanza wazee wetu walitangulia, na hapana mgeni awezaye kuwanyang'anya heshima hiyo. Mganga, mwindaji, mrina asali na mchonga mitumbwi, kila mmoja wao alikuwa na elimu yake ya miti na wadudu, na elimu hiyo ilijaribiwa kila siku kwa matumizi. Jambo la pili ni kazi nyingine, yenye kanuni zake.

Elimu ya wazee ilikuwa na mpaka mmoja: ilifika pale lugha ilipofika. Tuchukue mfano wa mpingo. Mti huu twaujua sana kwa vinyago vya Wamakonde, na mafundi wa Ulaya huutumia kutengenezea klarineti na ala nyingine za kupuliza. Mzee wa Lindi anaujua mpingo kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Lakini mti uo huo huota pia Senegali, na mzee wa huko anaujua vilevile, kwa jina jingine. Wazee hawa wawili, kila mmoja akiwa bingwa kwake, wasingeweza kujua kwamba wanazungumza habari za mti mmoja. Mwaka 1832, katika kitabu juu ya mimea ya Senegambia, wataalamu Guillemin na Perrottet waliueleza mti huo na kuuita *Dalbergia melanoxylon*. Neno la pili, lenye asili ya Kiyunani, maana yake ni mti mweusi. Tangu hapo yeyote aliyepata mpingo wa Lindi na kuulinganisha na maelezo yale aliweza kusema: huu ndio ule. Hiyo ndiyo faida ya daftari la pamoja. Halifuti jina la mpingo. Linaliunganisha na majina ya ndugu zake wa mbali.

Jinsi daftari linavyoandikwa

Msingi wa daftari hili uliwekwa na Mswidi Carl Linnaeus. Kitabu chake cha mwaka 1753 kilikubaliwa baadaye kuwa mwanzo wa majina ya mimea, na toleo la 10 la kitabu chake kingine, lililotoka mwaka 1758, likawa mwanzo wa majina ya wanyama, wadudu wakiwamo. Kabla ya hapo mmea mmoja uliweza kubeba jina refu kama sentensi nzima. Linnaeus aliimarisha desturi ya kila aina, au spishi kama wasemavyo wataalamu, kuitwa kwa maneno mawili: la kwanza ni jina la jenasi, yaani ukoo wake wa karibu, na la pili ni la aina yenyewe. Ndivyo nasi tuwatofautishavyo akina Hamisi wawili kwa majina ya baba zao, ila katika daftari hili jina la ukoo hutangulia.

Ili kiumbe kipya kiingie humo, hatua tatu hufuatwa. Kwanza hutafutwa kielelezo. Mmea hukatwa tawi lenye majani na maua, na matunda yakipatikana. Tawi hilo hulazwa baina ya karatasi, hukandamizwa mpaka likauke, kisha hubandikwa juu ya karatasi ngumu. Mdudu huuawa, hukaushwa na kuchomwa pini nyembamba. Kila kielelezo hupewa kibandiko chenye kutaja mahali kilipopatikana, mwinuko wa mahali hapo, tarehe, jina la mkusanyaji na namba aliyoitia. Rangi ya ua nayo huandikwa, maana hufifia likikauka. Mkusanyaji makini huandika pia jina la mmea huo kwa lugha ya wenyeji na matumizi yake.

Pili, hulinganishwa. Kielelezo hupelekwa katika hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea mikavu, au katika jumba la makumbusho ikiwa ni mdudu, na huko huwekwa kando ya vielelezo vya ndugu zake. Mtaalamu huhesabu petali na stameni, hupima majani, hutazama vinyweleo kwa hadubini. Swali lake ni moja: je, huyu yumo tayari katika daftari? Kazi hii huweza kuchukua miaka mingi, kwa sababu kiumbe hakiwezi kuitwa kipya mpaka wote wanaokikaribia wamechunguzwa.

Tatu, huandikwa na kuchapishwa. Kwa mimea, kuanzia tarehe 1 Januari 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011, ilikuwa sharti sifa zake ziandikwe kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubalika. Tena kielelezo kimoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina hilo daima. Tukiite kielelezo-mama. Ukizuka ubishi kesho, au baada ya miaka 100, kielelezo-mama ndicho kitakachoulizwa. Na mtu akileta jina jingine kwa kiumbe kile kile, jina lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata kanuni ndilo lenye haki.

Ua la Usambara

Tukizijua kanuni hizo, tutaielewa vema historia ya ua dogo la zambarau ambalo limetoka katika misitu yetu na kuenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Mmea huu na jamaa zake wa karibu huota katika misitu ya Tanzania na Kenya peke yake, hasa katika nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu.

Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipeleka kielelezo chake katika bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1884. Mwaka 1887 kilifika kielelezo kingine kutoka kwa kasisi W. E. Taylor, kilichotoka upande wa Giriama na Shimba. Lakini vielelezo hivyo havikutosheleza, na wataalamu wa Kew hawakuthubutu kuueleza mmea huo. Ikawa umeonwa na haukuandikwa. Kisha Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani katika sehemu za Tanga na Usambara, akaupata na kumpelekea baba yake huko Ujerumani. Kwa njia hiyo mmea ukamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye aliweza kuutazama ukiwa hai na unachanua. Mwaka 1893 Wendland aliueleza na kuuita *Saintpaulia ionantha*. Jina la kwanza lilikuwa heshima kwa Saint Paul na baba yake. La pili lasema kwamba ua lake lafanana na urujuani wa Ulaya.

Liko jambo katika habari hii ambalo mpenda Kiswahili hawezi kulipita. Kasisi Taylor aliyeokota kielelezo cha mwaka 1887 ndiye yule yule aliyekusanya mithali za Waswahili na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Naye Saint Paul alitunga kitabu cha kujifunzia Kiswahili kilichotoka Berlin mwaka 1890. Watu wawili kati ya watatu waliolifikisha ua hili Ulaya walikuwa wanafunzi wa lugha yetu. Hilo si ajabu, maana mgeni aliyetaka kuujua msitu ilimlazimu kwanza aweze kusema na wenye msitu. Tofauti ni kwamba katika ushairi jina la Mwalimu Sikujua limehifadhiwa, na msomaji wa Muyaka analijua. Katika ua hili aliyetukuzwa ni ofisa, na wale waliomwonyesha njia hawamo katika jina.

Hata hivyo mlima wenyewe haukusahauliwa. Wajerumani hadi leo huliita ua hilo kwa jina la Usambara. Tena daftari halifungwi: mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza nasaba ya mimea hii, waliiingiza katika jenasi ya *Streptocarpus*, na sasa mmea wetu huandikwa *Streptocarpus ionanthus*. Jina la ofisa limeondoka katika jenasi, na sifa ya ua imebaki.

Amani na Berlin

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo. Nia yake haikuwa elimu tupu. Ilitafuta mazao ya kuyauza, kama vile mpira, kahawa na kwinini, kwa faida ya dola iliyotawala. Lakini pamoja na hayo mimea ya misituni ilikusanywa kwa wingi, na vielelezo vikapelekwa Berlin, ambako Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya mji huo, na wenzake walieleza mamia ya aina za mimea ya Afrika. Kwa sababu hiyo vielelezo-mama vingi vya mimea ya Tanganyika vilikaa Berlin.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua. Sehemu kubwa ya vielelezo vyake iliteketea, na pamoja navyo mashahidi wa majina mengi ya mimea yetu. Msomaji na apime hasara hiyo: jina lipo kitabuni, lakini kile kitu ambacho jina lilifungwa nacho kimekuwa majivu. Katika hali hiyo wataalamu waligeukia nakala. Mkusanyaji mzuri hukata matawi kadhaa ya mmea mmoja na kuyatia namba moja, na baadhi ya nakala hizo zilikuwa zimebaki Amani. Mwaka 1950 hebaria ya Amani ilihamishiwa Nairobi, ikawa msingi wa Hebaria ya Afrika ya Mashariki, na baadhi ya karatasi zake ndizo zinazotoa ushahidi ambao Berlin haiwezi tena kuutoa. Fundisho lake li wazi. Mali ikiandikwa katika daftari moja, na daftari likawekwa mahali pamoja, moto mmoja watosha.

Kazi nyingine ya Amani inayostahili kutajwa ni ya P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi huko wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1937 ilitoka kamusi yake ya majina ya Kiswahili ya mimea, akiyaweka majina hayo sambamba na yale ya kitaalamu. Hapo daftari la wazee na daftari la wataalamu yaliwekwa juu ya meza moja.

Mbu wa Upare

Pengine msomaji atauliza: kuna haja gani ya kugombania vinyweleo na petali? Jibu lenye uzito kuliko yote latoka kwa wadudu, na hasa kwa mbu.

Katika miaka ya 1950 ulifanywa mpango mkubwa wa kupambana na malaria katika Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Kuta za nyumba zilinyunyiziwa dawa ya dieldrini, ili mbu apumzikaye ukutani baada ya kumnyonya mtu afe. Mmoja wa maadui wakubwa alikuwa *Anopheles funestus*, mbu aingiaye nyumbani na kupenda damu ya binadamu. Dawa ilimwangamiza. Lakini baada ya muda mbu wanaofanana naye kabisa walianza kuonekana kwa wingi.

Mtu asiyezijua aina za mbu angesema mpango umeshindwa, na fedha za umma zimepotea. Wataalamu wa taasisi ya malaria ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na makao yake Amani, wakiwamo M. T. Gillies na mwenzake A. Smith, waliwachunguza mbu hao na kuona kwamba *funestus* ametoweka, na mahali pake pamechukuliwa na *Anopheles rivulorum*, ambaye kwa sehemu kubwa hunyonya wanyama na hana hatari kama ya mwenzake. Mwaka 1962 Gillies alieleza aina nyingine mpya ya kundi hilo hilo, nayo hupendelea damu ya wanyama, akaiita *Anopheles parensis*, kwa jina la Upare. Katika miaka hiyo ya 1960 ilithibitika pia kwamba yule aliyeitwa *Anopheles gambiae*, msambazaji mkuu wa malaria katika Afrika, ni kundi la aina kadhaa ambazo jicho haliwezi kuzitenga. Wataalamu waliwazalisha wa aina mbalimbali pamoja, na madume waliozaliwa wakawa tasa. Baadhi ya aina hizo huua watu kwa maelfu. Nyingine hushughulika na ng'ombe.

Hapo ndipo tuonapo kwamba kueleza aina si mchezo wa watu wenye nafasi. Anayepambana na adui sharti amjue kwa sura na tabia, la sivyo atatumia nguvu zake kwa asiyehusika, na mwenye hatia atapita mlangoni.

Kilua

Sasa na turudi Pwani, katika nyua za nyumba. Uko mti mdogo uitwao mkilua, wa jamii moja na mstafeli na mtopetope, ambao ua lake, kilua, lina harufu nzuri ya kudumu. Wanawake wa Pwani wamekuwa wakilivaa ua hilo tangu zama, pamoja na asumini na rehani, na kuupanda mti wake karibu na nyumba. Hapana haja ya kumweleza mtu wa Mombasa au wa Unguja kilua ni nini.

Na bado mti huu, unaojulikana na kila bibi harusi, haukuwa na ukurasa wake katika daftari la wataalamu hadi mwaka 1970. Mwaka huo Bernard Verdcourt, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi katika Hebaria ya Afrika ya Mashariki mjini Nairobi kabla ya kwenda Kew, alichapisha maelezo yake. Aliona kwamba mti huu hauingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kuandikwa. Ulikuwa ukoo mpya kabisa, na yeye alihitaji kuupa jina. Hakutafuta jina la ofisa wala la mfadhili. Alichukua jina alilolikuta: *Mkilua fragrans*, yaani mkilua wenye harufu nzuri.

Tuziweke sasa tarehe mbili sambamba. Mwaka 1893 ua la misitu yetu lilipewa jina la mtawala. Mwaka 1970 ua la nyua zetu liliingia katika daftari la ulimwengu kwa jina la Kiswahili, na mtaalamu yeyote, awe wa Japani au wa Brazili, akitaka kulitaja sharti atamke neno letu. Mmea ni mpya kwa sayansi na ni wa kale kwa wenyewe. Jina hilo limeyabeba mambo yote mawili bila kumdhulumu mtu. Naona huo ndio mfano mwema wa jinsi kazi hii ipasavyo kufanywa.

Kazi iliyobaki

Kati ya mwaka 1952 na 2012 zilichapishwa sehemu za kitabu kikubwa juu ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kazi hiyo ya miaka 60 ilieleza mimea zaidi ya 12,000. Mtu aweza kudhani kwamba sasa daftari limejaa. Mifano mitatu itatosha kumwonyesha kwamba sivyo.

Mfano wa kwanza ni wa mdudu. Mwaka 1950 mdudu mmoja alikamatwa katika nchi yetu, akapelekwa katika makumbusho ya Ulaya, akawekwa sandukuni. Alikaa humo zaidi ya miaka 50. Mwaka 2002 wataalamu walipomlinganisha na mwingine aliyekamatwa zamani Namibia, waligundua kwamba hawa hawakuwa aina mpya tu: walikuwa wa oda nzima mpya ya wadudu, kundi lenye daraja moja na lile la vipepeo au la mende. Oda hiyo iliitwa Mantophasmatodea, na mdudu wetu baadaye akapewa jenasi iitwayo *Tanzaniophasma*. Nusu karne alikuwa mkononi mwa watu wenye elimu, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Mfano wa pili ni wa mibuni. Mwaka 2004 zilielezwa aina mbili mpya za mibuni ya porini kutoka milima ya Tao la Mashariki, zote mbili zikiwa katika hatari ya kutoweka. Moja iliitwa *Coffea kihansiensis*, kwa jina la Kihansi katika Udzungwa. Waandishi wake walikuwa wawili, A. P. Davis wa Kew na E. F. Mvungi, mtaalamu Mtanzania. Hapa mwenyeji hakuwa mbeba mizigo wala mwonyesha njia. Alikuwa mwenye kalamu.

Mfano wa tatu ni wa mti, nao wahuzunisha na kutia moyo kwa pamoja. Mti uitwao *Karomia gigas* ulipatikana Pwani ya Kenya mwaka 1977, ukiwa mmoja tu, na baada ya miaka michache ukakatwa. Mwaka 1993 ulionekana tena wilayani Kilwa, kisha ukapotea machoni pa wataalamu mpaka ikadhaniwa kwamba umetoweka duniani. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupata tena huko Kilwa, miti michache ya kuhesabika kwa vidole. Kama usingekuwa umeandikwa, nani angejua kwamba kuna kitu cha kutafuta? Shoka lingeukata wa mwisho kama lilivyoukata ule wa Kenya, na hapana ambaye angetangaza msiba.

Kutokana na hayo, yako mambo ambayo shule zetu zaweza kuyafanya pasipo kungoja fedha nyingi. Shule ya sekondari yaweza kuwa na hebaria yake ndogo, yenye mimea ya kata yake, kwa magazeti ya zamani, mbao mbili za kukandamizia, karatasi ngumu, gundi na uangalifu. Mwanafunzi akate tawi moja, asing'oe mmea wenye mizizi, wala asiguse kilicho ndani ya hifadhi bila kibali. Aandike mahali na tarehe. Kisha amwendee mzee wa kijiji, amwamkie kwa adabu, amwulize: mmea huu mwauitaje, na mwautumia kwa nini? Jina atakalopewa, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, aliandike pale pale, na jina la mzee aliyelitoa, ikiwa ameridhia, liandikwe kando yake. Mmea ambao mwalimu na mzee wote wawili hawautambui uulizwe katika Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha, au kwa wataalamu wa Chuo Kikuu.

Huenda katika karatasi elfu moja za wanafunzi usipatikane mmea hata mmoja mgeni kwa sayansi. Hata hivyo kila karatasi itakuwa na majina mawili juu yake, la mtoto aliyekata tawi na la mzee aliyeutaja mmea. Mwaka 1893 hapakupatikana nafasi ya majina kama hayo, na ni juu ya walimu wa leo kuhakikisha kwamba hayakosekani tena.